Nilivyojiandaa kwa usaili wa ofisa mauzo kwenye kampuni kubwa

Kati ya kupigiwa simu na siku ya usaili nilikuwa na siku 7. Historia ya kampuni niliipa saa 1, ikatosha. Kwa nafasi ya kuanzia, msaili hana haja ujue kampuni ilizaliwa mwaka gani. Anataka kuona unajua inamuuzia nani, bidhaa zinafikaje kwake, na mteja akiikataa anakimbilia kwa mshindani yupi. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa huchapisha taarifa ya mwaka, na ndani yake mapato mara nyingi yamegawanywa kwa aina ya bidhaa au kwa eneo. Soma hapo. Barua ya mwenyekiti iruke.

Tangazo la kazi nililisoma nikipigia mstari vitenzi. "Kutafuta wateja wapya" na "kuhudumia wateja waliopo" ni kazi mbili tofauti: ya kwanza inataka mtu asiyevunjika moyo akikataliwa, ya pili inataka mtu asiyesahau ahadi. Ukienda na mifano ya uvumilivu kwenye kazi ya pili, utasikilizwa kwa adabu tu.

Mifano niliandaa 5: kukataliwa, kufikia lengo, kukosa lengo, mteja au mtu mwenye hasira, na kufanya kazi na mtu mgumu. Kila mmoja nilijipima kwa saa ya simu: sekunde 20 za hali ilivyokuwa, 60 za nilichofanya, 20 za matokeo. Wengi hupotelea kwenye hali, wakaanza kuelezea walichofanya msaili keshachoka. Kosa lingine limo kwenye kiambishi: "tulipanga, tulifuatilia, tukauza". Nani hasa? Sema "nili-" pale ulipofanya wewe. Kama hujawahi kuajiriwa, kuuza tiketi za tamasha la chuo kunafaa kabisa, ila "niliuza nyingi" haina uzito. "Nilipewa 80, nikauza 60 kwa siku 9, na 20 zilibaki kwa sababu nilianza kwa watu nisiowajua" ina uzito, hasa kile kipande cha mwisho.

Muda mwingi zaidi niliuweka kwenye igizo, pale msaili anapojifanya mteja na kukuambia "niuzie kalamu hii" au bidhaa yao yenyewe. Anayeanguka hapo huanguka kwa kuanza kusifu: wino mzuri, haivuji, inashikika vizuri. Wanachopima ni kama utauliza kabla ya kuuza. Nilifanya mazoezi kwa sauti na mtu mwingine, mara 10 hivi, tukibadilishana nafasi. Kichwani kila jibu huwa tamu. Mfano wa mashine ya kuchapisha ya ofisini ulikwenda hivi:

"Kwa sasa mnachapisha kwa mashine ipi?"
"Tunayo moja ya zamani."
"Ikikwama, kazi gani inasimama?"
"Ankara. Wateja wanachelewa kulipa."
"Mwezi uliopita ilikwama mara ngapi?"

Hapo ndipo bidhaa inatajwa, na inatajwa kwa sifa moja tu, ile inayogusa ankara. Akisema "bei yenu iko juu", usikimbilie punguzo. Uliza, "Iko juu ukilinganisha na nini?" Anaweza kuwa ana bei ya mshindani mkononi, au hana bajeti, au anakujaribu tu, na kila moja ina jibu lake. Mwishoni omba hatua inayofuata yenye siku: "Nije Jumanne kuwaonyesha inavyofanya kazi?" Igizo likiisha bila ombi hilo, mauzo hayajafanyika hata kama mazungumzo yalinoga.

Nilijizoeza pia hesabu ya lengo, kwa kuwa swali la "utafikiaje tageti?" haliepukiki sana. Chukua lengo la wateja 10 kwa mwezi. Kama katika vikao 5 na wateja ananunua mteja 1, unahitaji vikao 50. Kama simu 4 huzaa kikao 1, ni simu 200. Gawa kwa siku 22 za kazi, unapata 9 na ushee kwa siku. Sema wazi kwamba viwango hivyo ni vya kudhania, kisha muulize vyao halisi vikoje. Ukishaonyesha njia, namba kamili haikuhangaishi.

Maswali yangu kwao yalikuwa 3: maeneo au wateja hugawanywa vipi kati ya maofisa, aliyefanya vizuri miezi 3 ya kwanza alifanya nini tofauti, na kamisheni huhesabiwa oda inapowekwa au mteja anapolipa. La tatu ni bora umwachie ofisa rasilimali watu, au uliulize wakikupa ofa. Lina maana kubwa: ikihesabiwa mteja anapolipa na mteja ana siku 60 za kulipa, miezi 2 ya mwanzo unaishi kwa mshahara wa msingi pekee.

Kabla ya kunyanyuka: "Kuna jambo kwenye maelezo yangu linalokupa shaka?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiuma. Akitaja shaka, unayo dakika ya kuijibu ukiwa bado kitini. Barua pepe ya shukrani ilikuwa ya sentensi 4, siku hiyohiyo, moja ikirudia tatizo la mauzo alilolitaja yeye mwenyewe.