Kugeuza akwaria ya maji matamu kuwa ya maji ya bahari kwa gharama ndogo, hapa Mombasa

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hapa Mombasa huamini kwamba akwaria ya maji ya bahari ni anasa ya mahoteli na ya watu wenye fedha nyingi. Kwa mtu ambaye tayari ana tangi la maji matamu, mimi sioni hivyo. Gharama kubwa hutokana na hamu ya kuweka matumbawe hai tangu siku ya kwanza, kwa sababu matumbawe yanadai taa kali, mashine ya kutoa uchafu kwa povu na kuongezewa madini mara kwa mara. Anayeridhika na samaki wachache wanaoogelea kati ya mawe anaweza kuendelea kutumia taa yake ya zamani, na fedha zake azipeleke kwenye vipimo.

Tangi langu ni la lita 120, na kioo, mfuniko, pampu ya hewa na meza yake vyote vimebaki vilevile. Changarawe za rangi na vipande vya mti ndivyo vilivyotoka. Kitu chochote chenye chuma kinachogusa maji kiondolewe, maana kitaliwa na kutu, na nyaya za umeme zipindwe ziwe na sehemu inayoning'inia chini ya soketi, ili tone la maji ya chumvi lisitambae hadi kwenye plagi. Aliyewahi kutibu samaki wake kwa dawa yenye shaba ajue kwamba mabaki yake huweza kudumu katika changarawe na katika gundi ya pembeni, na kwamba kamba na konokono hufa kwa kiasi kidogo mno cha shaba. Tangi la namna hiyo libaki la samaki peke yao.

Suala la maji ndilo linalopotosha watu wengi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi kama langu linahitaji zaidi ya kilo nne, na mtu hujiuliza kwa nini asinunue gunia la chumvi ya Gongoni akaliyeyusha. Sababu imo katika mabwawa yenyewe ya chumvi. Maji yanapokauka kwa jua, chokaa hutangulia kuganda, ikifuatiwa na jasi, kisha ndipo chumvi tunayoijua. Magnesiamu na potasiamu nyingi hubaki katika maji machungu ambayo mvunaji huyamwaga. Kwa hiyo chumvi ya bwawani ikirudishwa katika maji hairudishi bahari, kwa sababu sehemu muhimu za bahari zimeachwa njiani, na ile ya dukani huwa pia imeongezwa madini ya joto. Chumvi maalumu ya akwaria inapatikana kwa kuagizwa, lakini ni ghali, ilhali sisi bahari tunayo karibu.

Mimi huteka maji wakati wa bamvua, maji yanapokuwa yamejaa, katika ufuo ulio wazi na mbali na hori za Tudor na Mtwapa, ambako maji matamu na ya mitaro hushuka. Huyachuja kwa kitambaa kizito, huyafunika gizani kwa majuma mawili ili viumbe vidogo vilivyomo vife na kutulia chini, kisha huyatia hewa kabla ya kuyatumia. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, maji ya karibu na nchi hupungua chumvi na kujaa tope, kwa hiyo akiba huwekwa mapema. Kifaa cha kwanza cha kununua ni rifraktomita, yaani kipimo cha chumvi ya maji, ambayo inapaswa kuonyesha uzito wa 1.025, ukilinganishwa na 1 ya maji matamu, au karibu na hapo. Vile vya plastiki vyenye mshale hudanganya kwa urahisi.

Mawe sikuyatoa baharini, wala sitayatoa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuchukua chochote, na hata nje yake jiwe lililo hai ni nyumba ya viumbe wengi. Machimbo ya Kilifi na Kwale yanatoa matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, yaleyale ambayo wazee wetu walijengea nyumba na misikiti, na vipande vinavyovunjika huuzwa kwa bei ndogo sana. Vina matundu mengi ambamo bakteria wanaosafisha maji hukaa. Husuguliwa, hulowekwa na kubadilishwa maji mpaka yasitoe tope.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa sikubaliani na wanaodai kwamba sifongo ya kichujio cha zamani inatosha kuleta bakteria hao. Bakteria wengi wa maji matamu hawahimili mabadiliko hayo ya ghafla, hivyo mzunguko huanza upya: amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kinachooza, hugeuzwa nitriti, na nitriti ikageuzwa nitreti, kazi inayochukua kwa kawaida majuma manne hadi sita. Mimi hutia chembe za chakula zioze, kisha hupima. Haraka ni ya hatari zaidi hapa kuliko katika maji matamu, kwa kuwa pH ya bahari ni takriban 8.2, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu.

Kipasha joto hakina kazi katika hali ya hewa yetu. Shida ni joto lenyewe, maana maji ya chumvi yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa, na pampu ya betri hulinda samaki umeme unapokatika. Feni huongeza ukaukaji, na kwa kuwa chumvi haikauki pamoja na maji, pengo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20. Maji ya visima vya mjini hayafai, kwani mengi yana chumvi na madini yake yenyewe.

Samaki wa zamani hutafutiwa makao mengine, isipokuwa moli, ambao wakiongezewa chumvi polepole kwa saa nyingi huzoea bahari kabisa. Hao ndio walionitangulizia tangi. Wengine nitawanunua kwa wavuvi wa samaki wa mapambo wenye leseni, wawili tu kwanza, na asilimia kumi ya maji itabadilishwa kila juma.