Namba 14

Mwaka 2017 nilikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara, na nilijiona nimeiva. Bwana na bibi harusi ukiwaambia wasimame, wanasimama. Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa shule moja ya msingi pale Nkuhungu aliponiomba nikapige mechi ya watoto wake, waliokuwa wanajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, nilikubali kabla hajataja hela. (Hela yenyewe ikaja kuwa soda na nauli.)

Ilikuwa Juni. Anayeijua Dodoma ya Juni anaujua ule upepo mkavu wa kusini-mashariki unaozoa vumbi jekundu. Jioni jua liko magharibi, hivyo nikitaka mwanga uwapige watoto usoni, uso wangu lazima niupe upepo. Nikajifunga kitambaa puani, nikachuchumaa karibu na kona, nikaanza kubonyeza.

Mapumziko nikaziangalia picha, kofia nimeifanya kivuli juu ya kioo cha kamera. Miguu kama moshi. Mpira umerefuka kama yai. Na pale mtoto alipotulia, mpira wenyewe haupo. Kumbe spidi ya shata, ule muda kamera inaopokea mwanga, niliiacha kwenye 1/125 ya sekunde, ileile ya ukumbini. Hesabu yake ilinitia aibu: mtoto akikimbia mita 5 kwa sekunde, ndani ya kufumba huko kwa shata ameshasogea sentimita 4. Nikapandisha hadi 1/1000, lenzi nikaifungua yote, fokasi nikaiweka kwenye ile inayomfuata mtu anavyokimbia.

Kipindi cha pili miguu ikaganda, hadi vidole vya wale waliocheza pekupeku ungeweza kuvihesabu. Lakini mpira bado ulinikimbia.

"Shikamoo anko. Unachelewa."

Nikageuka. Mtoto wa benchi, jezi namba 14, imemfika magotini.

"Marahaba. Nachelewaje?"

"Unabonyeza ameshapiga. Mwangalie kichwa. Akiinamisha, anapiga. Ila yule saba muongo, anaangalia kulia anatoa kushoto."

Miezi yote ile ya kujifunza kamera hakuna aliyewahi kuniambia nimwangalie mtu kichwa. Nikamsogeza karibu, naye akawa ananinong'oneza sikioni: "Tisa huyo... bado... bado... sasa!" Ile ya namba tisa ninayo hadi leo. Mpira umeachana na dole gumba kwa upana wa kiganja, meno ameyauma, na vumbi limening'inia hewani pale mguu ulipotoka.

Zikiwa zimebaki kama dakika kumi mwalimu akamwita. Alichomoka bila kuniaga. Nami nikabaki peke yangu na kamera, namtafuta yeye tu, nikimpata kulia ameshahamia kushoto. Wa kuninong'oneza ndiye huyo yuko uwanjani.

Filimbi ya mwisho ilipolia hakwenda kwa wenzake, alikuja moja kwa moja.

"Anko, zangu?"

Zilikuwa saba. Sita mgongo, moja sikio na nusu ya shavu. Akazipitisha moja moja, kidole kina udongo, hasemi kitu. Kwenye ya mwisho akaigusa ile namba 14.

"Ni mimi kweli," akasema. Halafu akanirudishia kamera. "Jumatatu tuna mazoezi saa kumi. Uwahi."