Ndago kwenye bustani ya mboga: nilivyoipunguza tuta kwa tuta

Ndago ni gugu lisilong'oka. Ukiivuta, majani yanakuja mkononi, kiazi kinabaki chini, na baada ya siku mbili tatu ncha ya kijani imeshachomoza palepale. Bustani yangu iko Kibaha, udongo wa kichanga, matuta kumi na mawili ya mita 1 kwa 10, na ndago ilikuwa imeyashika yote. Mpaka sasa sijaimaliza. Nimeipunguza hadi mchicha na bamia vinakua bila kusongwa, na iliyobaki naimudu kwa kupita na ndoo kila wiki mbili. Kufika hapo kumechukua viangazi viwili. Anayekuahidi kuimaliza ndani ya mwezi ana kitu anataka kukuuzia.

Hakikisha kwanza kwamba ni ndago kweli. Shika bua la maua, lizungushe kati ya vidole viwili: likiwa na pembe tatu, hiyo si nyasi, hata kama majani yanafanana. Kichwa cha maua kina rangi ya hudhurungi inayoelekea zambarau. Kukosea hapa ni kupoteza pesa, kwa sababu zile dawa za kuua nyasi ndani ya mboga za majani mapana hazifanyi lolote kwa ndago. Sangari, ambayo ni nyasi kweli, itakauka, na ndago itapata nafasi zaidi.

Kabla ya kufanya chochote, chimbua shina moja taratibu kwa jembe uma ulitazame. Sentimita 2 au 3 chini ya uso wa udongo kuna uvimbe mdogo kama kitunguu; majani yanatokea hapo. Kutoka kwenye uvimbe huo zinakwenda kamba nyembamba, kavu na ngumu kama waya, na kwenye kamba kuna viazi vyeusi vyenye magamba, vimefuatana kama shanga. Kata kimoja kwa wembe: ndani ni cheupe, na kinanukia ukali fulani kama dawa ya kuchua. Vingi viko kwenye sentimita 15 za juu, ila vichache hushuka mpaka 30 na zaidi.

Kila kiazi kina macho kadhaa. Mnyororo huo wa viazi ukiwa mzima, macho machache ndiyo yanayoota na mengine yanalala. Ukiukata kwa jembe, kila kiazi kinajitegemea, na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka. Ndiyo sababu palizi moja ya jembe la kawaida wakati wa mvua huleta ndago nyingi kuliko zilizokuwepo. Pawatila ni balaa kubwa zaidi, maana inakata halafu inasambaza hadi kwenye matuta yaliyokuwa safi.

Nilianza na jua. Kiazi cha ndago kinavumilia mengi, lakini hakivumilii kukauka. Kiangazi kilipokolea nilisimamisha kumwagilia matuta manne (usichukue bustani nzima kwa mara moja, utachoka na utakosa mboga), nikayaacha wiki mbili udongo ukauke, kisha nikachimba kwa jembe uma hadi sentimita 25. Uma unainua mnyororo, jembe bapa linaukata. Mabonge nayaacha juu kama yalivyo. Baada ya siku nne au tano nayageuza na kuyavunja, nareki viazi vinavyoonekana, kisha narudia. Mizunguko mitatu inatosha kwa kichanga. Udongo wa mfinyanzi unataka zaidi, kwani bonge linatunza unyevu katikati na kiazi kinabaki hai humo.

Tuta lililokuwa baya kabisa nililichekecha kwa wavu wa robo inchi. Ni kazi ya mgongo, na siipendekezi kwa zaidi ya tuta moja, lakini kwa kitalu cha miche inalipa.

Viazi nilivyokusanya navitandaza juu ya bati kwa wiki mbili, halafu nachoma. Kilichokufa kimesinyaa, ni kigumu, na ukikikata ndani ni cha kahawia. Kikiwa bado cheupe, kirudishe kwenye bati. Usivitupe kwenye mboji. Lundo la nyumbani ni nadra kupata moto wa kutosha pande zote, na vile vya pembeni vitarudi bustanini pamoja na mbolea uliyoihangaikia. Kuviloweka kwenye pipa pia si njia ya kuiamini. Ndago inaishi hata kwenye majaruba ya mpunga.

Baada ya jua, hesabu ya siku. Hapa ndipo watu wengi wanapoachia, na kwangu ndicho kipande muhimu kuliko vyote. Kiazi ni akiba. Kinapoota kinatumia akiba yake kujenga majani, na majani yakishakomaa yanaanza kuirudisha. Kuanzia wiki ya tatu hivi, viazi vipya vinaanza kuumbwa. Basi lazima majani yaondoke kabla ya hapo, kila mara, bila kuruka zamu. Nilimwagilia tuta tupu kidogo ili viazi vilivyolala viamke, nikasubiri siku 10 hadi 12, kisha nikakata. Nikamwagilia tena, nikasubiri, nikakata. Mara nne kabla ya kupanda chochote.

Namna ya kukata ina maana yake. Ukifyeka juu ya ardhi, kile kitunguu cha shina kinasukuma jani jipya siku hiyohiyo. Asubuhi inayofuata utaona limesharefuka. Chomeka kisu au kijiko cha bustani kwa mshazari, kipite chini ya kitunguu, utoe vyote pamoja. Hapo kiazi kinalazimika kufungua jicho jingine kwa akiba iliyopungua. Mimea ya mzunguko wa tatu utaiona myembamba, rangi imefifia. Hiyo ndiyo dalili kwamba unashinda. Ukisafiri mwezi mmoja katikati ya kazi hii, hesabu umeanza upya.

Dawa niliitumia kwenye mpaka wa shamba na njia za kupita tu, si ndani ya mboga. Dawa hiyo, glaifoseti, inafika kwenye viazi kwa kupitia majani, kwa hiyo inataka ndago yenye afya, yenye majani ya kutosha, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kabla ya maua au yanapoanza. Nilitumia mililita 200 kwa bomba la mgongoni la lita 20, kwa ile yenye gramu 360 za dawa kwa lita. Lebo ya kopo lako ikisema vingine, fuata lebo. Vaa glavu na buti, na usipulize kukiwa na upepo: tone moja kwenye nyanya utaliona baada ya wiki.

Makosa yanayoiharibu dawa ni yaleyale kila mahali. Maji ya bwawani yenye tope, kwa sababu dawa inanata kwenye udongo na haibaki ya kwenda kwenye jani. Majani yenye vumbi, kwa sababu hiyohiyo. Mvua ndani ya saa sita. Na kubwa kuliko yote: kulima kwanza halafu kupuliza. Ukishakata minyororo, dawa inaishia kwenye kiazi kimoja na wenzake hawana habari. Puliza mnyororo ukiwa mzima, subiri siku 10 hadi 14, ndipo uchimbe. Hata hivyo vilivyolala vitaota baadaye na utarudia. Hivyo chagua kwa kila eneo: ama unachimba na kukausha, ama unapuliza kwanza.

Kuhusu nailoni nyeusi, ncha ya ndago inaitoboa kama sindano ya gunia, na matandazo ya majani makavu haiyahesabu kabisa. Cha ajabu, nailoni nyepesi inayopitisha mwanga inafanya kazi vizuri zaidi. Ncha inapokutana na mwanga chini ya nailoni inafunguka kuwa jani badala ya kuendelea kuchoma, na jani hilo linaungua kwa joto. Mwagilia tuta hadi lilowe, tandika nailoni ikigusa udongo, fukia kingo zote, acha wiki sita za jua kali. Vinakufa viazi vya juu. Vya chini vinasubiri, kwa hiyo usichimbe kwa kina baada ya kuitoa.

Wapo wanaomwaga chumvi au dizeli. Ndago itaungua, ni kweli, na mboga hutapanda hapo kwa muda mrefu.

Adui mwingine wa ndago ni kivuli. Inapenda jua la wazi na chini ya majani yaliyofungamana inadhoofika. Kwenye matuta yaliyotoka kukatwa nilipanda matembele, vipande vya sentimita 25 kwa nafasi ya 30 kwa 20, na kunde zinazotambaa. Ndani ya wiki tano au sita ardhi haionekani. Kabla ya hapo palilia kwa mkono, kwani kivuli kisichokamilika hakimsaidii mtu. Matembele nayalima kwa ajili ya majani. Ukitaka viazi vyake, ujue ndago inavitoboa na kupita katikati, na mnunuzi atavikataa. Vitunguu na karoti nilivihamishia kwenye matuta safi moja kwa moja. Majani yake hayafuniki kitu, na kuchomoa ndago katikati ya karoti changa ni kuchomoa na karoti.

Bustani iliyosafishwa inachafuliwa tena kupitia malangoni. Kwangu mlango ulikuwa samadi iliyokwanguliwa pamoja na udongo wa zizini, halafu miche ya kununua iliyokuja na bonge la udongo wake. Siku hizi kila mzigo wa samadi nachukua ndoo moja, naimwagilia, naiweka juani siku 14. Kikichomoza hata kijani kimoja chenye mng'ao ule wa ndago, mzigo unakwenda kwenye migomba, ambako kuna kivuli, hauingii kwenye mboga. Miche naisuuza mizizi kabla ya kupanda. Jembe la kuazima linaoshwa getini, na linaporudi pia.