Filta inavuja, au inasingiziwa?

Leo mawazo yangu yako chini ya gari, pale filta ya oili inapokaa. Ukikuta doa jeusi sakafuni na filta imelowa, hukumu hutoka haraka: filta mbovu, nunua nyingine. Kwenye gari lililotumika miaka mingi, hukumu hiyo huweza kumwangukia asiye na kosa. Filta nyingi hukaa chini kwenye injini, kwa hiyo hupokea kila kinachotiririka kutoka juu. Inaweza kuwa gasketi ya kifuniko cha valvu iliyokauka, swichi ya presha ya oili iliyoanza kupenyeza, au gasketi iliyo nyuma ya kile kitako cha alumini ambacho filta hufungwa juu yake. Kama kinachovuja ni kitako, utabadilisha filta tatu na doa litabaki palepale.

Kwa hiyo kazi huanza na tambara, spana baadaye. Futa filta, kitako na eneo lote la juu yake, malizia kwa dawa ya kusafishia breki injini ikiwa imepoa, uache pakauke. Washa injini dakika chache, uizime, kisha upitishe tochi. Oili mpya hung'aa na hukuonyesha njia yake. Ikiwa juu ya filta ni pakavu na unyevu unaanzia kwenye mshono wa filta na kitako, basi sasa una haki ya kuilaumu. Fanya ukaguzi huu mara tu baada ya kuwasha injini iliyolala. Oili ya baridi ni nzito na presha hupanda zaidi, hivyo uvujaji unaojificha injini ikiwa na moto hujitokeza wakati huo.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni raba mbili. Raba ya filta ya zamani, ile pete inayoziba mshono wake na kitako, huiva kwa joto na kugandana na kitako. Filta hutoka, raba hubaki. Kwa kuwa ni nyeusi mahali peusi, macho huiruka. Filta mpya inakuja na raba yake, zinakaliana, na mkono unahisi kabisa kwamba imekaza. Huenda isitoke hata tone kwa dakika kadhaa. Halafu presha, ambayo kwenye injini ya baridi inaweza kuzidi bar 4, inaisukuma raba moja nje, na oili inamwagika kama bomba lililopasuka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo. Usijiambie utafika tu pale mbele. Dawa ya haya yote ni kupitisha kidole kwenye kitako na kuikagua filta iliyotoka kama bado ina raba yake. Sekunde kumi tu.

Kosa la pili ni filta isiyo yake. Filta za kufungwa kwa kuzungusha hufanana mno kwa nje, lakini nyuzi za kwenye tundu lake, zinazoshika bolti ya kitako, hutofautiana. Kuna ya M20, yaani ya kipenyo cha milimita 20, yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, na kuna ya robo tatu ya inchi yenye nyuzi 16 kwa inchi. Ya M20 huweza kuingia kwenye bolti ya robo tatu, ila inacheza, na haifai kuaminiwa. Ikichezacheza mwanzoni, rudisha dukani. Nenda na namba ya filta inayotakiwa na injini, maana ile iliyokuwepo huenda nayo ilifungwa kwa kubahatisha.

Kosa la tatu huzaliwa na hofu: kukaza kwa spana ili isivuje tena. Raba hubanwa kupita kiasi, hujikunja au kukatika, na siku ya kuifungua filta itagoma. Ndipo watu huitoboa kwa bisibisi na kuichana kama kopo, sahani yake yenye nyuzi ikabaki kwenye injini.

Kufunga kwenyewe ni kazi nyepesi. Gari likae juu ya stendi imara, usitegemee jeki peke yake, na injini iwe vuguvugu, si ya kuunguza. Kama oili bado ni nzuri, kwa kawaida huhitaji kuimwaga yote. Weka karai tu, kwani filta hutoka na kati ya robo na nusu lita. Safisha kitako, paka oili safi kwenye raba mpya (raba kavu hujiviringisha ikikazwa), anza kuzungusha kwa vidole mpaka raba iguse, kisha kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa kwenye kasha. Basi.

Filta zile za karatasi zenye kifuniko cha plastiki zina mtego wake: oring'i, ile pete ya raba ya kifuniko, lazima ibadilishwe na ikae kwenye mfereji wake halisi. Kifuniko chenyewe mara nyingi kimeandikwa kipimo cha kukazia, na nyutoni-mita 25 ni cha kawaida. Zaidi ya hapo plastiki hupata ufa usioonekana.

Washa, hakikisha taa ya oili inazima ndani ya sekunde chache, tazama mshono, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti na ongeza kilichopungua. Kabla ya kurudisha bamba la plastiki la chini ya injini, lioshe. Oili iliyotuama humo itaendelea kudondoka siku mbili tatu, nawe utaanza kuishuku filta ambayo ni kavu kabisa.