Kokoto Kwenye Kona ya Turubai

Moshi, Jumapili jioni. Masika yamekaza, mlima umejifunika, na nguo za juzi bado ziko kambani.

Kimbunga kikitangazwa, huku bara mikono hukimbilia nguo za kuwapelekea watu wa pwani. Soko la Memorial halikosi mitumba, na fulana haimuumi mtu kuitoa. Ila nguo zikifungwa na unyevu huu, hufika pwani zimeota ukungu, halafu zinataka watu wa kuzichambua, walewale wanaohitajika kuezeka. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Hapo nafasi kwenye lori si ya kuchezea.

Bora turubai. Lile la mita 4 kwa 6 linatoa mita za mraba 24, na kiwango cha chini cha kumhifadhi mtu ni 3.5. Hesabu inawatosha watu sita, lakini likishushwa pembeni liwe na ukuta, sakafu inapungua. Ndiyo maana kaya moja hupewa mawili.

Turubai huanza kufa kwenye macho yake, yale matundu ya kupitishia kamba. Upepo ukilipiga usiku kucha, jicho linang'oka na mpasuko unakimbia hadi katikati. Dawa ni kokoto ya mviringo, kubwa kama ndimu: iweke upande wa ndani, ikunjie kwenye kona, kaza kamba shingoni kama unayefunga mdomo wa gunia. Yenye ncha usiiguse, itatoboa. Kisha wamba kwa mteremko, maana likilegea maji yanatuama na kuvunja miti.

Pwani yetu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha kusuka vimbunga, kwa hiyo mafundi wengi huezeka kwa kufikiria mvua tu. (Zanzibar ilipigwa vibaya Aprili 1872, lakini nani anakumbuka?) Kimbunga hakilikandamizi paa, hulifyonza kwenda juu, kikianzia ukingoni na kwenye kofia, yaani bati la kileleni. Kwa hiyo misumari ibanane kingoni, katikati inaweza kuachana kidogo, na yote ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanakopita. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nazo zishikwe na waya mnene au nondo iliyotoka kwenye linta, mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha. Zikishikwa kwa misumari peke yake, paa zima linaondoka na mbao zake. Bati lililookotwa linyooshwe, matundu ya zamani yazibwe, lipigiliwe sehemu mpya.

Visima ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Bahari ikiingia kisimani, watu huleta pampu wakikaushe siku hiyohiyo. Ukivuta kwa pupa, maji ya chumvi yaliyozama ardhini pembeni yanafuata, na kuta zinaweza kubomoka. Toa takataka na tope, chota polepole, mengine yaachie mvua. Klorini huua vijidudu, chumvi haiigusi. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, na unasubiri nusu saa. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Mtu mmoja huhesabiwa lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Watu watano ni karibu madumu manne ya lita 20. Basi madumu nayo yapande lori, na vifuniko vyake.