Ugumu Uko Kwenye Maungio

Kazi yangu hapa Malindi ni kuunganisha mifumo ya kompyuta ambayo tayari inafanya kazi, na kwa jinsi ninavyoiona, ugumu hauko ndani ya mfumo wowote bali uko pale mifumo inapokutana. Kila mmoja ulijengwa na watu waliokuwa na shida yao, na mara nyingi bado una mwenyewe ambaye hana sababu ya kuubadilisha kwa ajili ya mwenziwe.

Mfano mkubwa uko baharini kwetu, upande wa Ngomeni. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walipotaka kurusha satelaiti karibu na ikweta, hawakutengeneza kila kitu upya. Jukwaa la Santa Rita, walikoweka chumba cha kuongozea urushaji, lilikuwa la kuchimba mafuta. Roketi ya Scout ilikuwa ya Marekani. Na satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina hilo kwa sababu ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilitengenezwa Marekani ili kuchunguza eksirei zitokazo angani. Roketi yenyewe ilisimama kwenye jukwaa jingine, San Marco, na amri zilipita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Wengine hustaajabia roketi. Mimi nastaajabia nyaya, kwa kuwa kila waya ulidai watu wa pande mbili wakubaliane kitakachopita humo, kwa kipimo gani, na nani atangoja nani.

Mapatano ya namna hiyo yakikosekana, hata kifaa kizima huangusha kazi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilisambaratika muda usiofika dakika moja baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu ya kifaa chake cha kupima mwelekeo ilitoka kwa roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako haikuwahi kulaumiwa, lakini roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, biti 16 tu, na kifaa kikajizima. Kile cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimeshatangulia kujizima kwa sababu hiyo hiyo.

Kwetu mambo ni madogo zaidi, ila sura ni hiyo hiyo. Katika hoteli moja ya ufukweni, mfumo wa mapokezi hufunga siku saa tisa usiku, baada ya mhasibu wa zamu kukagua bili, ilhali mfumo wa hesabu hubadilisha tarehe saa sita kamili. Mgeni akitia sahihi bili ya baa saa saba usiku, upande mmoja ni mauzo ya jana na upande wa pili ni ya leo. Kila idara iliapa kwamba yake ni sahihi, na kweli ilikuwa sahihi. Kabla ya kuandika programu yoyote, niliwaketisha meza moja wakakubaliana kwamba kila bili itabeba siku ya hoteli pamoja na saa halisi, kwamba hesabu itafuata ya kwanza, na kwamba hakuna atakayebadilisha saa ya kufunga bila sahihi ya mwenzake. Karatasi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko programu. Sasa limebaki ghala la jikoni, lenye siku yake ya tatu, ambayo huisha mpishi mkuu anapoamua kufunga mlango.