Natafuta chuo kabla ya mtihani

Nipo kidato cha sita, tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, na likizo hii ya Desemba nimeitumia kutafuta chuo. Majirani zetu hapa Isongole, wilayani Rungwe, wameniuliza kwa nini nahangaika mapema hivi ilhali mtihani wa taifa ni mwezi Mei. Baada ya mtihani wengi wetu huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, matokeo hutangazwa Julai, na dirisha la udahili hufunguliwa papo hapo. Anayeanza kufikiri siku hiyo huamua kwa pupa jambo la miaka mingi.

Ninayo pia sababu inayoniuma. Tangu darasa la tano nilitaka kuwa daktari wa binadamu. Shule niliyosoma hadi kidato cha nne ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, kwa hiyo wakati wa kuchagua tahasusi niliikwepa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, nikachukua CBG, nikiamini kwamba Kemia na Baiolojia zinatosha kunifikisha hospitalini. Nilipokuja kuusoma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nikiwa tayari kidato cha tano, nilikuta kwamba shahada ya udaktari inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, katika mtihani wa kidato cha sita. Niliurudia mstari ule nikidhani nimekosea ukurasa. Mlango ulikuwa umeshafungwa, na hakuna A nitakayoipata Mei itakayoufungua. Kwa hiyo namwomba kila mwenye mdogo wake kidato cha nne aketi naye, wausome mwongozo huo pamoja kabla mtoto hajajaza chaguo zake.

Tangu hapo nimejifunza kuusoma kwa utulivu. Alama hugeuzwa kuwa pointi, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kwa programu nyingi kima cha chini ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kima hicho hukuruhusu tu kuomba, kwa kuwa nafasi hushindaniwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya programu hudai ufaulu wa Hisabati au Fizikia wa kidato cha nne, sharti ambalo msomaji mwenye haraka hulipita bila kuliona.

Baba angependa nisome Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, ili niweze kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Ningependa kumridhisha, lakini uhandisi unaokipa chuo hicho sifa unahitaji Hisabati na Fizikia. Basi mimi na dada yangu tukapanda basi hadi Iringa kwa shangazi, tukatembelea Mkwawa, iliyokuwa shule ya sekondari kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Huko ningeweza kusomea ualimu wa Kemia na Baiolojia. Niliwauliza wanafunzi wanaingia maabara mara ngapi kwa wiki, na bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo, wanaligawanyaje ili lifike mwisho wa robo. Walinijibu kwa uwazi ambao sijauona katika kipeperushi chochote, na niliondoka nikiwa na hakika kwamba ningekuwa mwalimu mwenye furaha.

Kisha tukateremka mlima Kitonga kuelekea Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo chini ya milima ya Uluguru. Kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huohuo. Mwanafunzi mmoja wa sayansi na teknolojia ya chakula alipojua kwamba kwetu tunalima viazi, alinieleza kwa nini kiazi kilichoachwa juani hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini, na kwa nini kiazi kilichohifadhiwa kwenye baridi kali hugeuza wanga wake kuwa sukari, hata chipsi zake zikawa nyeusi kabla hazijaiva. Nilisimama pale nikiwakumbuka wanunuzi wanaokataa mzigo wa Baba, naye akibaki hana la kuwajibu. Kwa mara ya kwanza tangu niupoteze udaktari, nilitamani kusoma kitu kwa sababu ya kitu chenyewe.

Niliporudi, mazungumzo magumu yalihusu fedha. Nilimweleza Baba kwamba nitaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kwamba nikiajiriwa mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, ukishasoma hayo mambo ya viazi, lumbesa itaondoka?" Nilimjibu kwamba lumbesa, huko kulijaza gunia kupita kipimo, ni suala la mizani na sheria, ila mkulima ambaye viazi vyake vinaweza kungoja ghalani halazimiki kumkubali mnunuzi wa kwanza aliyefika na gunia lake.

Katika daftari langu sasa Sokoine ni ya kwanza na Mkwawa ni ya pili. Kila chuo huombwa moja kwa moja, na nikichaguliwa na vyote viwili nitathibitisha kimoja tu. Jana jioni Baba alitoa cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku, kwa kuwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo, tukakuta jina langu limetofautiana kwa herufi moja na lile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Jumatatu tunakwenda Tukuyu kulishughulikia, kabla sijarudi shuleni.